Barua ya wazi kwa wakuu wa mji wa Bukavu: sikilizeni udongo kabla ya kugonga kashe

Kwa Waheshimiwa wakuu wenye dhamana ya ardhi, ujenzi na usalama wa raia katika mji wa Bukavu

Nakala kwa mashefu wa kartiye, wakuu wa shule, wakuu wa vituo vya afya na wazazi wote wa Ibanda, Kadutu na Bagira

Yahusu: kupima mitetemo midogo ya ardhi kabla ya kutoa vibali vya nyumba za etaji

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima inayowastahili. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Kadutu, na kwa jambo hili nimekwisha kubisha hodi mara tatu. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwenyewe, nikagongewa kashe ya kupokelewa, nikaambiwa nirudi baada ya majuma mawili. Nilirudi. Ya pili haikuonekana tena. Kila meza niliyoulizia ilinituma meza nyingine. Ya tatu nilikuja nayo pamoja na wazazi wanne wa wanafunzi wangu. Tuliketi kwenye benchi la koridori tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane, na aliyetupokea mwishoni akatuambia kwamba matetemeko ni mambo ya Mungu na ya wazungu wenye mashine, kwa hiyo mwalimu arudi darasani.

Nimerudi darasani, na leo naandika mbele ya watu wote. Sitaji jina la mtu wala la ofisi, maana sitafuti kumwaibisha yeyote. Naviandikia viti. Aliyekalia kiti leo asome, na atakayekikalia kesho aikute barua hii mezani.

Kwanza niseme nilichokiona.

Jumapili ya Februari 3, 2008, yapata saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa kanisani au njiani kwenda kanisani, nchi ilitetemeka. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa kama kilomita 20 tu kaskazini mwa mji. Watu walikufa huku kwetu, na wengi zaidi ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, ambako makanisa yaliwaangukia waumini. Nyumba ya mama yangu iko kwenye bega la kilima, na ukichimba hapo sululu inagonga jiwe haraka. Mjomba wangu alijenga mita kama mia mbili chini yake, penye kijibonde kilichojazwa udongo na takataka kwa miaka mingi mpaka kikaonekana kuwa kiwanja. Fundi masoni alikuwa yuleyule. Matofali yalitoka tanuru moja, simenti ilinunuliwa duka moja, na nyumba zilimalizika mwaka mmoja.

Nyumba ya mama ilipata ufa mmoja juu ya mlango, wa kuingiza ukucha. Ya mjomba, ukuta wote wa nyuma ulilala chini na kufunika kitanda cha binamu yangu, ambaye kwa neema alikuwa ametoka kuteka maji. Majirani walinong'ona kwamba mjomba ana maadui. Yeye aliamini, akaita watu wa maombi, kisha akajenga tena palepale, kwa namna ileile. Hakuna aliyemwambia kwamba adui alikuwa chini ya miguu yake, wala kwamba adui huyo anapimika.

Hilo ndilo linalonisukuma. Naomba sasa mfuate malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Mji unajengwa kana kwamba ardhi yake ni moja.

Bukavu imekaa juu ya mawe ya volkano ya zamani, basalti, ambayo mvua na jua la miaka isiyohesabika vimeyageuza kuwa udongo mwekundu tunaoufahamu sote, ule unaonata kwenye viatu. Mahali pengine jiwe zima liko karibu. Kwingine udongo huo unashuka mita nyingi kabla ya kulikuta. Pembeni mwa mito na kwenye mabonde kuna matope yaliyoletwa na maji, na juu yake binadamu amejazia. Kwenye miteremko watu hukata kilima upande mmoja na kumwaga ule udongo upande wa pili ili wapate pa kusimamisha nyumba. Hivyo nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi ya asili na nusu nyingine juu ya udongo wa kumwagwa. Nchi ikitetemeka, nusu hizo hazichezi mchezo mmoja, na nyumba inapasuka katikati. Kila fundi wa mji huu amewahi kuziba ufa wa namna hiyo.

Tetemeko la nchi halipigi kila mahali kwa nguvu moja. Chukueni sahani mbili, moja yenye bugali mgumu na nyingine yenye uji, mziweke juu ya meza moja, kisha mpige meza ngumi. Pigo ni lilelile, lakini bugali hautikisiki sana ilhali uji unacheza mpaka ukingoni. Septemba 19, 1985, tetemeko kubwa lilitokea pwani ya Meksiko, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu. Sehemu za Mexico City zilizo juu ya mwamba ziliumia kidogo. Zile zilizojengwa juu ya matope laini ya ziwa la kale ziliangamia, na maelfu ya watu wakafa humo. Tena hazikuanguka nyumba zote kwa kiasi kimoja. Matope yale yalikuwa yakienda na kurudi mara moja katika kila sekunde 2 hivi, na majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya etaji 6 hadi 15, kwa kuwa mwendo wake ulioana na mwendo wa matope. Nyumba nyingi fupi na za kizamani kando yake zilibaki zimesimama.

2. Njia ya kuujua udongo wetu ipo, si ghali, na hamjaiagiza.

Naomba uvumilivu wenu hapa, kwa kuwa ndicho kiini cha barua.

Ardhi haitulii kamwe. Hata usiku wa manane, mji wote umelala, inatetemeka kwa kiasi cha sehemu ya elfu ya milimita na pungufu. Mawimbi ya bahari kubwa, mbali kabisa na sisi, yanaisukuma taratibu, na msukumo huo unasafiri ndani ya bara zima mpaka chini ya Kadutu. Upepo unatikisa mikaratusi, na mizizi inaitikisa ardhi. Mchana tunaongeza ya kwetu: kamyo zinazopanda kwa kunguruma, pikipiki, miguu ya watu sokoni, vinu vya kusaga unga. Kwa miaka mingi wataalamu waliziona kelele hizi kama uchafu unaoharibu vipimo vyao. Wajapani ndio waliotangulia kuona faida ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nogoshi na Igarashi walionyesha njia, na mwaka 1989 Yutaka Nakamura, mtafiti wa mambo ya reli, akaieneza kwa maandishi yaliyosomwa duniani kote.

Inafanyika hivi. Unaweka chini chombo kidogo cha kupimia mitetemo, ukubwa wake kama redio ya mezani. Ndani yake kuna masikio matatu: moja linasikia kaskazini na kusini, la pili mashariki na magharibi, la tatu juu na chini. Unakiacha kisikilize kwa dakika chache, au nusu saa pale unapodhani udongo una kina kirefu. Kisha kompyuta inachukua mtikisiko wa kulala na kuugawanya kwa mtikisiko wa kusimama. Pale udongo laini unapokaa juu ya jiwe gumu, mitetemo inanaswa katikati kama sauti ndani ya mtungi, na mtikisiko wa kulala unavimba kwenye mwendo mmoja maalumu. Kwenye mchoro kinatokea kilele. Kilele hicho kinasema udongo wa hapa, ukisukumwa, hupenda kucheza mara ngapi kwa sekunde.

Kutoka hapo hesabu ni ya darasani. Mwendo wa udongo, yaani mara unazocheza kwa sekunde, ni kasi ya mawimbi ya mkato (yale yanayotikisa udongo kwa pembeni) ndani yake ikigawanywa kwa mara nne ya unene wake. Tuseme mawimbi yanapita kwa mita 200 kwa sekunde na udongo una unene wa mita 25: 200 gawanya kwa 100, unapata mara 2 kwa sekunde, yaani nusu sekunde kwa kila kwenda na kurudi. Udongo huohuo ukiwa na unene wa mita 10 utacheza mara 5 kwa sekunde. Sasa linganisheni na nyumba. Kwa kukadiria tu, kila etaji inaongeza kama sehemu ya kumi ya sekunde kwenye muda wa jengo kwenda na kurudi mara moja. Nyumba ya etaji 5 huenda na kurudi mara moja kwa karibu nusu sekunde. Basi ukiisimamisha juu ya ule udongo wa mita 25, umemweka mtoto kwenye bembea na kumpa anayemsukuma kila mara kwa wakati wake. Nyumba ya etaji 2 ingepata shida zaidi juu ya ule udongo wa mita 10.

Mnaona basi kwamba swali la «kiwanja hiki kinafaa au hakifai?» halitoshi. Inabidi kuuliza kinafaa kwa nyumba ya namna gani. Chombo kile kidogo kinaanza kulijibu swali hilo bila kuchimba shimo, bila kulipua baruti, na bila kumhamisha mtu kutoka parsela yake.

3. Kibali kinaangalia karatasi, wala hakishuki udongoni.

Nimefuatilia safari ya kibali cha jirani yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Aliulizwa mipaka ya parsela, hati, mchoro wa injenieri na malipo. Kuhusu udongo aliulizwa kama kiwanja kimesawazishwa. Shimo la majaribio lilichimbwa, ndiyo, mita moja na nusu, likaonekana lina udongo mwekundu mgumu, na watu wakaridhika. Mita moja na nusu haiwezi kusema lolote juu ya mita 25.

Wala simlaumu jirani. Alifuata kila alichoambiwa.

4. Shule.

Mimi nafundisha, kwa hiyo hili linaniuma kuliko yote. Mahali palipokuwa na kinamasi nilipokuwa mtoto, ambapo tulikamata vyura na kurudi nyumbani tukichapwa kwa sababu ya matope, leo imesimama shule ya etaji tatu. Niliangalia kamyo zikimwaga udongo pale kiangazi kizima. Nimeuliza kwa barua kama kuna mtu aliyepima chini ya ule udongo wa kumwagwa, na sikujibiwa. Asubuhi za juma ndani yake kuna mamia ya watoto, na ngazi ni moja.

Tetemeko la 2008 lilikuja siku ya Jumapili. Lile la Agosti 7, 2015 lilikuja usiku. Lile la Oktoba 24, 2002, la ukubwa wa 6.2, lilikuwa na chanzo upande wa Kalehe, kaskazini mwa kwetu. Hakuna aliyetuahidi kwamba jingine litachagua saa ambayo madarasa ni matupu.

5. Funu na miteremko mingine inayotembea.

Wakaaji wa Funu hawahitaji mwalimu awaeleze kwamba ardhi yao inateremka. Milango yao haifungi, na kuta zinapinda mwaka hadi mwaka. Watafiti waliofuatilia mteremko huo kwa setilaiti wameonyesha kwamba kujaa kwa nyumba juu yake kumeuongezea mwendo. Vipimo hivi vya mitetemo vinasaidia pia mahali kama hapo, kwa sababu udongo uliokatika na kulegea huacha kilele chake, na kwa kilele hicho unaweza kukadiria unene wa kile kinachoteleza. Sitaendelea zaidi, kwani Funu inastahili barua yake yenyewe.

Waheshimiwa, majibu ambayo nimeyasikia koridorini nayajua, na napenda kuyajibu hapa ili tusirudi nyuma.

Mtasema hakuna pesa. Hesabuni pamoja nami. Nusu saa ya kusikiliza, nusu saa ya kuhama na kupanga: watu wawili wenye chombo kimoja wanaweza kufanya pointi 8 kwa siku bila kukimbizana. Siku tano za kazi ni pointi 40, na majuma 12 ni pointi 480. Kwa kiangazi kimoja mngekuwa na picha ya vilima vyote vinavyokaliwa na watu. Programu ya kuchambua iitwayo Geopsy inapatikana bure, na mwongozo wa namna ya kupima, uliotolewa mwaka 2004 na mradi wa Ulaya wa SESAME, unasomwa na yeyote mwenye intaneti. Kinachogharimu ni chombo chenyewe, ambacho chaweza kuazimwa, na posho za watu wawili. Wekeni gharama hiyo kando ya gharama ya etaji moja tu ya nyumba moja.

Mtasema hatuna wataalamu. Kituo cha utafiti cha Lwiro kimekuwa kikiandika matetemeko tangu zama za ukoloni. Goma wako watu wa Observatoire Volcanologique, kituo cha kuchunguza volkano. Kuuzunguka Ziwa Kivu kuna vituo vya KivuSNet, mtandao wa vyombo vya kudumu vinavyosikiliza matetemeko. Vyuo vikuu vya hapa mjini vinafundisha jiolojia, na wanafunzi wake wanatafuta kazi ya kuandikia memwari kila mwaka. Lakini ninyi msichanganye kazi mbili. Kituo cha kudumu kinasikiliza tetemeko limetoka wapi na lina ukubwa gani. Hakikwambii udongo wa avenyu yako utafanya nini likifika. Kazi hiyo ya pili haina mwenyewe hadi ninyi muiagize.

Mtasema mji umeshajengwa, sasa tupime nini. Mji haujamaliza kujengwa hata kidogo! Kila juma nyumba ya mbao inabomolewa na mahali pake panaanza nguzo za beto. Mji unaacha kulala chini na kuanza kupanda juu, na ndio wakati ambao swali la mwendo wa udongo na mwendo wa jengo linakuwa la uhai. Nyumba ya mbao yenye mabati inatikisika, inalia, na mara nyingi inasimama. Etaji nne za matofali zilizosimama juu ya vyuma vyembamba hazina msamaha huo.

Mtasema tutatia watu hofu na kushusha bei za parsela. Wakaaji wa mji huu hawahitaji ramani ili waogope. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na Goma kutetemeka siku baada ya siku, tuliwapokea ndugu zetu hapa na kusikia hadithi zao za barabara zilizopasuka. Hofu tunayo. Tunachokosa ni kujua wapi pa kujenga chini na wapi pa kupanda juu. Na mwenye parsela yenye udongo laini hanyang'anywi kitu. Anaambiwa abadili urefu wa nyumba, au msingi wake, au vyuma vyake, kabla hajamaliza akiba ya maisha yake.

Na yule aliyetuambia kwamba matetemeko ni mambo ya Mungu, namjibu kwa upole: mimi pia ni mkristo, na nilikuwa njiani kwenda misa siku ile. Tetemeko ni la Mungu. Kibali ni cha kwetu.

Sipendi mnidhanie kwamba nauza dawa ya kila ugonjwa, kwa hiyo nasema pia mahali njia hii inapoishia.

Haitabiri tetemeko. Hakuna mtu duniani anayejua siku wala saa, na atakayewaambia kwamba boksi lake linajua, mfukuzeni. Urefu wa kile kilele kwenye mchoro nao si kipimo cha mara ngapi tetemeko litaongezeka nguvu. Mahali pa kilele panaaminika kuliko urefu wake. Kilele peke yake hakitoi kasi na unene kwa pamoja. Ili kuvitenganisha, katika baadhi ya pointi inabidi kupanga vyombo kadhaa kwa mduara na kupima jinsi mitetemo inavyosafiri kutoka kimoja hadi kingine, na pointi chache zichimbwe kweli ili kuhakiki. Pale jiwe gumu la volkano linapofunika udongo laini, jambo linalowezekana katika nchi kama ya kwetu, mchoro unaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Na jenereta! Jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inaacha kijiti chembamba kwenye mara 25 kwa sekunde, na asiyejua atakiita udongo. Ndiyo maana anatakiwa mtu aliyesoma, anayepima pia usiku au alfajiri, anayekaa mbali na miti wakati wa upepo, na anayeandika pembeni kila kamyo iliyopita.

Wanafunzi wangu waliwahi kujaribu kwa simu. Waliilaza sakafuni, wakashika pumzi, wakaangalia mstari ukichezacheza kwenye kioo, wakashangilia. Ilinibidi niwaeleze kwamba walichokiona kilikuwa kelele ya simu yenyewe, kwa kuwa sikio la simu halifikii mitetemo midogo kiasi hicho. Walihuzunika. Mmoja akauliza: «Basi, mwalimu, chombo chenyewe kitakuja lini?» Swali lake nawaletea ninyi.

Tunaomba haya yafuatayo.

Ya kwanza, na iliyo ya haraka kuliko zote: shule, vituo vya afya, na majengo yote ambamo watu wengi hukusanyika ndani ya mji vipimwe kabla ya kitu kingine chochote, tukianza na yale yaliyo juu ya udongo wa kujazia na kandokando ya mito. Majengo yenyewe pia yasikilizwe, maana chombo hichohicho kikiwekwa juu kabisa ya jengo kinaonyesha mwendo wake, na mkiweka namba mbili sambamba mtajua pa kuanzia kuimarisha.

Ya pili, iwekwe ramani ya mji mzima, kilima kwa kilima, na ibandikwe kwenye ofisi ya kila komine kwa lugha tunayoisoma. Isifungiwe kwenye kabati, wala isiuzwe. Takwimu ghafi zitunzwe Lwiro na katika vyuo vikuu vya hapa, ili atakayekuja baada yetu azihakiki.

Ya tatu, tangu ramani itakapokuwepo, kibali cha nyumba yoyote ya zaidi ya etaji mbili kiambatane na karatasi ya vipimo vya kiwanja hicho, na injenieri aandike kwa mkono wake kwamba mwendo wa jengo hauoani na mwendo wa udongo. Kwa maskini anayejenga vyumba viwili hatuombi karatasi yoyote mpya. Huyo apewe ushauri bure.

Ya nne ni kuhusu ile shule ya kinamasini. Najua mnaijua. Ipimwe likizo ijayo, na wazazi waambiwe matokeo, yawe yoyote.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, lenye jina la cheo kitakachobeba kazi hii na tarehe ya kuianza. Kama jibu ni hapana, iandikwe hapana na sababu zake, ili nasi tujue tuendelee kubisha mlango gani. Nakala za barua zangu tatu, moja ikiwa na kashe yenu, ninazo, na nitazileta tena nikiitwa.

Kwa upande wetu, tuko tayari. Vijana wa darasa la mwisho wamekubali kubeba chombo, kuandika saa, na kuzuia watu wasipite karibu wakati kinaposikiliza. Mafundi masoni sita wa kartiye yangu wameomba waelezwe matokeo ya kila pointi, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa na mwenye nyumba kesho. Ufunguo wa uwanja wa shule ninao mimi, na hata mkinituma mtu saa kumi alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka, nitamfungulia.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa fizikia
Kadutu, Bukavu